Tela Alilokuja Nalo Aroni

Ubaruku, Mbarali
14 Julai 2024
Mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke Kihesa

Mdogo wangu mpendwa Tekla,

Nakusalimu kwa upendo, nikiomba baridi ya Kihesa isiwe imekushika magoti kama mwaka jana. Mimi ni mzima. Macho bado yanasoma, ila siku hizi yanataka taa mbili.

Mwanao Aroni amefika salama na pikapu na tela la kuhamishia vitu vyangu. Anaegemea mlango wa gari kama baba yake. Ameniambia umeshapaka chokaa chumba changu, na umemwagiza asirudi bila mimi. Baada ya kushiba wali alikiri kwamba njiani, akiwa na mbao za jirani yangu kutoka Mafinga, kila alipoongeza mwendo tela liliyumba mpaka wenye malori wakampigia honi. Alisema, mjomba, lile tela linakata kiuno kuliko kwaya ya vijana.

Jana tulishinda nalo uani. Fundi aliyemuuzia alimpa pia vyuma viwili vya spring na minyororo yake, naye akavitupa nyuma ya kiti akidhani ni vipuri. Nilimwonyesha kwamba mzigo mzito hukaa mbele ya ekseli ya tela. Kisha vile vyuma vikikazwa kwa minyororo, hunyanyua mkia wa gari na kurudisha sehemu ya uzito kwenye magurudumu ya mbele, usukani ukashika njia. Aliuliza nimejifunzia wapi. Nikasema vitabuni, na ni kweli. Sikumwambia kwa nini nilivitafuta vitabu hivyo.

Tekla, ile Jumamosi ya mwaka 1993, tela la mumeo Crispin nililipakia mimi. Tulikuwa tunawahi Sikukuu ya Mavuno. Unajua tulivyopenda magunia ya sadaka yawe ya kwanza kushuka, usharika wote ukitazama. Basi niliyapanga yote nyuma kabisa, mbele nikaweka mikeka na matenga ya kuku. Crispin alilitazama akasema, shemeji, hili litatuyumbisha, tupange upya. Nikamtania kwamba Mbena akishaoa kwa Wahehe huogopa hata magunia. Alicheka, akawasha gari. Kwenye mteremko kabla ya Mafinga tela likaanza kuyumba, likatuvuta, tukapinduka. Yeye akafa. Mimi nilichubuka kiwiko.

Msibani walisema alikuwa amelewa. Hakuwa ameonja hata tone. Niliwasikia nikanyamaza, matanga yalipokwisha nikaja huku, nikasema naangalia shamba. Nawe umekaa miaka yote hii ukimsamehe mumeo kosa langu.

Aroni nimemweleza leo asubuhi, kwa kuwa ni haki yake kujua kwamba baba yake alikuwa dereva mzuri. Alilia. Kisha akauliza kama bado nitapanda gari. Nimempakilia mchele wako na vitabu vyangu vyote, akupe wewe. Nakuomba uwaeleze na watu wa usharika, kwa jina langu.

Nisalimie Evarista na watoto wake. Ukitaka kuniandikia, nitashukuru; usipotaka, nitakuelewa, na nitaendelea kukupenda vilevile.

Mimi sitarudi Kihesa.

Kaka yako,
Sedekia