Sauti Niliyomwachia Mtoto

Dada yangu,

Shikamoo. Sisi wazima. Binti yako, huyu mwanangu, ameota magego, na siku hizi kila kiatu anakiita "baba". Nacheka mpaka machozi.

Uliniuliza nani anamlea nikiwa kiwandani, nikakujibu, "Yupo mtu." Nilikudanganya. Mlezi wetu amepandisha bei hadi nusu ya mshahara wangu, na kituo cha watoto kimejaa mpaka mwakani. Wiki ya tatu sasa namfungia ndani. Nimejirekodi kwenye simu ya zamani: "Mama yupo jikoni, tulia, nakuja." Inajirudia mchana kutwa.

Jana nilikuwa na mapumziko. Nikamwita kutoka jikoni, mimi mwenyewe, "Njoo kwa mama!" Hakugeuka. Alikaa akiitazama ile simu, nayo imezimwa, akingoja iseme. Nilipombeba, alilia akiinyooshea mikono.

Leo sikwenda kazini. Nimeomba ruhusa ya wiki, nimepewa siku tatu. Dada, usinijibu kwa pole wala kwa kunigombeza, ingawa nastahili. Mwambie dereva aliyekuletea barua hii ni siku gani utakuja kumchukua mtoto.

Mdogo wako, niliyeshindwa peke yangu.