Ua la Baba Kwenye Kabati la Waholanzi

Baba yangu mpendwa,

Wiki ijayo lile kabati la Waholanzi linaondoka Mbozi. Wajukuu wa mmisionari aliyekuja nalo wameliomba, na parokia imekubali. Niliposikia nilijisikia kama nimefiwa tena. Vitanda na milango uliyotengeneza vyote vilivuka mpaka kwenda Nakonde. Kazi yako niliyokuwa bado najua ilipo ni moja tu: ua uliloliunda upya kwenye kabati hilo.

Unakumbuka lilivyoletwa karakanani kwetu Tunduma? Mvua ilikuwa imelivujia, na ua moja la mlangoni limebanduka lote. Mimi nilidhani maua yale yamechorwa. Ukanishika kidole ukakipitisha juu yake. “Hakuna rangi hapa, mama. Ni mbao tupu.” Vipande vyembamba kama ganda la kitunguu, vya miti mbalimbali, kila kimoja kimekatwa kikakaa mahali pake hata ukucha haupati pa kukwama. Ulishinda ukilitazama tu bila kushika msumeno, wateja wa milango wakinung'unika.

Petali ulizikata kwenye mti wa mbuni, maana ni mweupe na laini. Kilichonishangaza ni vivuli vyake. Ulijaza mchanga kwenye kikaango cha mama, ukaupasha moto, ukachomeka ukingo wa kila petali mpaka ukageuka kahawia taratibu. Mama akaja kusimama mlangoni.

“Baba Neema, leo tunakula mchanga?”

“Ukiiva nitakuita,” ukamjibu bila kuinua macho.

Halafu ukachemsha gundi ya ngozi ya ng'ombe, ikanuka mtaa mzima. Nilikwenda shule nikinuka hivyo hivyo, na nilijivunia kuwa mwanao.

Jana nilikwenda parokiani kuliaga. Nilitaka kupiga picha ya ua lako, niwaonyeshe wanangu mkono wa babu yao. Nilikuwa mdogo wakati ule, sikukumbuka lilikuwa upande gani, lakini niliamini nitalitambua. Nikapiga magoti, nikapapasa ua moja baada ya jingine.

“Sasa lake ni lipi, dada?” katekista akaniuliza.

Nikamwambia sijui. Nikaanza upya kutoka juu, nikilia na kucheka kwa pamoja. Hukuacha hata alama moja ya kukutambua, baba.

Mwishowe nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, nikapiga picha kabati zima.

Anayekukumbuka na kukuvulia kofia,
Binti yako