Pua yangu imenipatia kazi, mama yangu amenyamaza

Mpendwa Bi Nunu mshauri wetu, naomba unisaidie kwa sababu hapa Riyadh sina mtu mkubwa wa kuniambia ukweli, na kuandika si kazi yangu, shule niliachia darasa la saba, kwa hivyo ukiona nimeandika vile ninaongea usinicheke.

Mimi ni kijana wa Bungoma, nilikuja kama klina, mtu wa kufagia na kupiga deki, kwa mkahawa mmoja mkubwa wa mtaa wa Olaya, halafu nikafanywa weita kwa sababu bosi alisema sina mdomo mwingi na naona meza inataka nini kabla mteja hajainua mkono. Sasa huo mkahawa unauza mvinyo mwekundu wa Ufaransa uliotolewa kilevi, yaani wanautengeneza kabisa halafu pombe inaondolewa, na matajiri wa mtaa wa Al-Malqa wanakuja kuunywa kwa glasi ndefu na wako na maswali, hii ni zabibu gani, mkoa gani, ndiyo kampuni ikatuletea mwalimu kutoka Dubai, madam Rania, ni Mlebanoni, akawa anatufundisha alasiri wakati mkahawa uko mtupu.

Bi Nunu mimi sikujua niko na kichwa cha kusoma. Madam alituchorea mto wa Bordeaux akasema upande wa kushoto ni kokoto na zabibu kubwa ya pale ni Cabernet Sauvignon, hiyo ni ngumu, inakausha ulimi, upande wa kulia udongo ni wa mfinyanzi na pale ni Merlot, laini. Burgundy nyekundu karibu yote ni Pinot Noir, nyepesi, ukiweka kidole nyuma ya glasi unakiona. Bonde la Rhône kule kaskazini ni milima mikali na zabibu nyeusi ni Syrah, ukishuka kusini wanachanganya na Grenache ndiyo inaongoza. Nilishika haraka kwa sababu kwetu kahawa ikienda kiwandani inapewa cheo, AA, AB, hata mtoto anajua. Lakini kuna kitu madam alisema kikanikaa, kwamba Bordeaux wako na orodha ya mwaka wa 1855 yenye madaraja matano na cheo ni cha nyumba, nyumba ikishapewa imepewa, tangu wakati huo ni moja tu imewahi kupandishwa daraja, lakini Burgundy cheo ni cha shamba, shamba hili ni grand cru, yaani cheo cha juu kabisa, na la jirani hapo kando ya ukuta ni la kijiji tu. Gilbert, huyo tunalala naye chumba kimoja, akauliza na hii yetu iko cheo gani, madam akasema hii haina, ukishatoa pombe yote sheria yao inakunyang'anya hata jina la mahali. Gilbert alicheka sana, tangu siku hiyo ananiita Profesa wa Juisi.

Sasa shida ilianzia hapa. Siku moja madam alitupatia glasi bila kutuambia ni nini, akasema tunuse na kila mtu aseme. Wengine walisema matunda, matunda. Mimi nilinusa nikasimama tu. Ilikuwa moshi, ngozi ya zamani, pilipili manga, na kitu kama koti limenyeshewa. Nikasema polepole ni Syrah. Madam akanipigia makofi, akasema pua kama hii watu wanaitafuta miaka, na kila darasa akawa ananiita mbele. Hakuna mtu alijua ile ilikuwa harufu ya baba yangu akiingia kwa nyumba.

Baba yangu Zacharia alikuwa mlevi. Giza likianza mama alikuwa ananisimamisha kwa mlango kwa sababu mimi ndiye mkubwa, baba akifika namshika mkono kama mtu anasalimia, lakini nilikuwa nanusa. Mama anauliza kutoka jikoni, "Leo iko aje?" Kama ni busaa, ile pombe ya nafaka, nasema iko sawa, maana akiwa na busaa alikuwa anaimba na anatubeba mabegani. Kama ni chang'aa, ile kali ya kuchemshwa, sisemi kitu, natoka tu na wadogo wangu tunaenda kwa jirani, na mama anabaki. Nilikuwa najua hata akichanganya, nilikuwa najua amekunywa kwa nani, kwa sababu kila mpishi wa pombe ako na moshi wake. Alikufa na chang'aa mbaya, na siku ya kumzika mama alinishika uso na mikono yake miwili akasema, "Niapie. Hii kitu isikaribie mdomo wako." Nikaapa.

Sasa Gilbert alinipiga picha darasani nikinusa glasi, akaiweka kwa status yake kwa mchezo, ati Profesa wa Juisi kazini, mtu wa kanisa letu akaiona akampelekea mama. Nilimpigia haraka nikamweleza hiyo haina kilevi, inauzwa Saudia, hata watoto wanakunywa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kitu kimoja tu.

"Mbona umefunga macho?"

Nikakosa la kusema. Akakata. Tangu hapo hashiki simu yangu, wadogo wangu wakisema nataka kumsalimia anasema yuko na kazi.

Na wakati huohuo madam Rania ameniambia kuna nafasi Dubai kwa hoteli yao, huko mvinyo uko na pombe, wa ukweli, wa hizo nyumba na hayo mashamba, watanifundisha mpaka niwe mtu wa kuchagulia wageni chupa. Kafili, huyo mdhamini wangu wa hapa, hana shida, ananiachilia. Madam anataka jibu kabla ya ikama yangu, kibali cha kukaa hapa, kuisha, na iko karibu. Kazi yenyewe ni kuweka kwa mdomo, kuzungusha na kutema. Nimelala na hilo neno, kutema. Mtu akitema, amekunywa ama hajakunywa?

Lakini Bi Nunu nikuambie ile mbaya zaidi, hii sijaambia mtu. Ile harufu inanipendeza. Nikiinusa sioni mama akibaki kwa nyumba, naona baba akinibeba. Kuna siku nilikuwa naosha glasi nikaweka moja kando, nikarudi kuinusa mpaka ikaisha harufu. Naogopa mimi ni yeye. Na sijui kama napenda kazi ama ninamtafuta. Niende Dubai ama nikatae, na mama nitamfikia aje?

Kijana wa Olaya, Riyadh

BI NUNU ANAJIBU

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili na kahawa yangu imepoa hapa Aziziya. Sijacheka hata kidogo.

Kwanza nisikufiche. Mimi Muislamu, nimezaliwa Jeddah kwa wazee wa Unguja, mvinyo sijui harufu yake na sina hamu ya kuijua. Ungekuwa mwanangu wa kumzaa mwenyewe ningekwambia hendi mtu Dubai, halas. Lakini wewe una dini yako, na hukuniuliza halali na haramu. Umeniuliza kutema ni kunywa au si kunywa. Hayo maswali ya mawakili, na mama yako si mahkama. Kiapo ulimpa yeye, basi anayejua alitaka nini ni yeye. Wacha kutafuta upenyo.

La pili nakugombeza. Mama kakuuliza swali moja, nawe uliyekuwa umejaa maelezo ya kilevi na Saudia ukafunga mdomo. Wewe hodari wa kuona meza inataka nini. Mama yako hukumuona?

Unadhani kakasirikia glasi. Mimi simjui, lakini nimelea wanne, na nakwambia mwanamke aliyemsimamisha mtoto mlangoni amnusie mume hasahau hata akiwa anasali. Katumiwa picha, mwanawe mtu mzima, macho kayafumba, pua mbele. Weita hakumuona hapo. Kakuona uko pale pale alipokuweka. Basi ana aibu, maskini, na mtu mwenye aibu hapokei simu.

Na hilo la kuwa wewe ndiye baba yako, sikiliza. Unajihesabu kama hao wa Bordeaux, nyumba ya Zacharia imeshapewa cheo chake na wewe umo ndani, yameisha. Mbona umeniandikia mwenyewe kuwa kuna wengine wanapima shamba kwa shamba, na aliye upande wa pili wa ukuta ana lake? Darasani ulisikia, lakini hukujipimia mwenyewe hivyo. Mtu anayenusa glasi tupu akamkumbuka baba yake akimbeba hajalewa. Huo ni msiba ambao hukuulilia, kwa sababu siku ya maziko ulipewa kiapo badala ya kuachwa ulie.

Lakini sikusifu pia. Pua inayotafuta maiti ukaitie kwenye nyumba iliyojaa chupa za kweli, hiyo ni hatari, na sitaki uniambie eti utatema. Leo utatema.

Sasa fanya ninavyokwambia. Dubai, jibu ni hapana kwa sasa. Nenda kwa madam Rania uso kwa uso, mwambie baba yako alikufa kwa pombe na uliapa, huna haja ya kueleza zaidi. Kama anakutaka wewe atauliza tena siku nyengine. Kama anataka pua tu, atapata ya mwengine. Ikama mwambie kafili airefushe hapo hapo ulipo, na usijitishe kuwa utarudishwa kwenye ufagio, uweita uliupata kwa macho yako kabla hujajua Syrah ni nini. Gilbert mwambie leo aifute picha, na umwambie kwa nini. Akikucheka, mtafute mwengine wa kulala naye chumba kimoja.

Kisha mama. Usimpigie, hatopokea. Mtumie sauti yako, kwa lugha yenu ya nyumbani, na wala usimtetee mtu wala kinywaji. Mjibu alichouliza. Mwambie ulifumba macho kwa sababu ulimsikia baba. Mwambie unaikumbuka mikono yake usoni kwako. Na kama unamlaumu kwa kukuweka mlangoni, usimfiche, sema, kwa sauti ya mtoto na mzazi wake. Kama humlaumu, sema hilo pia, maana pengine ndilo analolingoja miaka yote na hana ujasiri wa kuliomba.

Huenda asijibu. Huenda akasikiliza akanyamaza mwaka mzima, mimi siwezi kukuahidi lolote, na anayekuahidi anakudanganya. Lakini toka hapo mlangoni, mwanangu. Baba yako hatoingia tena. Ni mama tu aliyebaki jikoni, anakusikiliza, anataka kujua leo iko aje, na safari hii hakuna wa kumwambia ila wewe.