Picha Nane za Nyemo

Makole, Dodoma
4 Agosti 1991

Mpendwa Mjomba Halfani,

Shikamoo. Habari za Kolo, na kifua chako kinakwendaje na vumbi hili la Agosti? Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu, anasema dada yako bado yu hai, kama umesahau.

Ama baada ya salamu, nina shida. Unajua kwamba nikishamaliza kupiga chapa barua za mabosi, ofisi huwa inatulia na mashine inabaki yangu. Basi mwaka huu wote nilikuwa naandika hadithi. Ni ya binti mmoja anaitwa Nyemo, wa nchi kavu kama hii yetu. Jitu limeyafungia mawingu yote zizini nyuma ya milima, linayachunga kama ng'ombe, na Nyemo anaingia kwa siri kuyakamua ili kwao wapate maji. Nilimpa Mwalimu Bartolomayo asome, yule anayetengeneza vitabu vidogo vya kusomea kwa shule za hapa. Ameipenda! Atadurufu vitabu mia mbili, watoto waanze navyo Januari.

Tatizo ni picha. Alimwagiza mchoraji mmoja wa Dar, naye akaleta mfano. Mjomba, nusura nilie. Nyumbani kwa Nyemo kuna minazi. Ng'ombe ni yule wa kwenye kopo la maziwa. Jitu limevaa suti! Nikajikuta nasema, "Nitachora mwenyewe." Mwalimu akaniuliza kama najua kuchora. Nikamjibu kwamba mjomba wangu anajua.

Amenipa mpaka mwisho wa Novemba, picha nane. Zikiwa mbaya anachora yule wa Dar, na Nyemo wangu ataishi chini ya minazi maisha yake yote. Mimi sijachora kitu tangu darasa la pili. Wewe nusu ya mabango ya Kondoa ni yako. Nifundishe kwa barua, tafadhali.

Mpwa wako,
Stara


Kolo, Kondoa
19 Agosti 1991

Kwa mpwa wangu Stara, ambaye mdomo wake hutoka nyumbani kabla ya akili,

Marahaba. Kifua kinanisumbua asubuhi tu, kikishapata chai kinanyamaza. Mwambie mama yako kwamba nami ni hai, na kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kupiga mluzi, asijifanye mkubwa.

Umekuja kwa mtu sahihi. Siku hizi, tangu biashara ifunguliwe, kila mwenye gunia la sukari anafungua duka, na kila duka linataka bango. Brashi yangu haikauki. Juzi nimemaliza la Mustapha wa vitenge, watu wanasimama kulitazama hata wasio na haja ya kitenge.

Sasa sikiliza. Somo la kwanza: tupa kifutio. Mwenye kifutio hatazami vizuri kwa sababu anajua atafuta. Somo la pili: usichore ng'ombe wa kichwani mwako, nenda ukamtazame aliyesimama. Lakini kabla ya ng'ombe, chora sufuria ishirini. Sufuria haiondoki, wala haikuulizi unatazama nini. Somo la tatu: kitu cha kutisha kijaze weusi. Hilo jitu lako lijaze tumbo zima, mtu alione akiwa ng'ambo ya barabara.

Haraka haraka haina baraka, ila Novemba nayo haingoji. Anza leo.

Mjomba wako,
Halfani


Makole, Dodoma
8 Septemba 1991

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini u mzima na chai inaendelea kukinyamazisha kifua. Huku wote wazima, ila Mama ameniuliza kama tunafungua hoteli, maana nimechora sufuria ishirini na tatu. Za mwanzo zilikuwa zimelewa. Za mwisho zinasimama.

Jumamosi nilikwenda mnadani Msalato. Nikachora ng'ombe saba. Wa kwanza alikuwa benchi lenye pembe. Nilipokuwa kwa wa saba, mchungaji mmoja akachungulia begani kwangu akasema, "Huyo ni wa Mazengo." Na kweli, Mazengo mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yake, kamba mkononi! Nilitaka kumkumbatia yule mzee mbele za watu.

Lakini somo la tatu limeniponza, Mjomba. Wewe unachora kwenye bati. Mimi nachora kwenye stensili, ile karatasi ya nta tunayoiweka kwenye mashine ya kudurufu. Kalamu yake ya chuma inakwaruza nta ili wino upite. Nikalijaza jitu tumbo zima kama ulivyosema, na tumbo zima likadondoka mezani. Ningekumbuka: hata herufi o ukiigonga kwa nguvu, katikati yake inadondoka. Sasa nachora mistari tu, myembamba, iliyoachana. Stensili nilizobaki nazo ni nane kamili, na Mwalimu amesema hakuna nyingine mpaka mwakani.

Nikuulize jambo moja. Mikono inachorwaje? Nyemo anafungua zizi, anakamua, anampa babu yake maji. Hadithi yote iko mikononi mwake, na kila nikijaribu vidole vinatoka kama mihogo. Nijibu upesi.

Mpwa wako,
Stara


Makole, Dodoma
6 Oktoba 1991

Mjomba,

Shikamoo. Hujambo? Mwezi mzima sijapata jibu. Barua yangu imepotea, au umenuna kwa sababu ya lile tumbo?

Jana Mama aliniuliza nilikuandikia nini. Nikamwambia nimekuomba unifundishe kuchora mikono. Alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, "Umewahi kuona mkono kwenye bango la Halfani?"

Nikaanza kuyapitisha mabango kichwani. Kwa kinyozi kuna vichwa vitatu, basi. Fundi cherehani, mikono iko nyuma ya cherehani. Daktari wa zahanati kaitia mifukoni. Mama lishe wa stendi amefunikwa na mvuke wa wali mpaka kwenye viwiko.

Mjomba, ni kweli?

Mpwa wako anayekupenda hata ikiwa kweli,
Stara


Kolo, Kondoa
20 Oktoba 1991

Mpwa wangu Stara,

Marahaba, na wewe u mzima? Mimi mwili mzima, uso ndio umeniharibika.

Ni kweli. Barua yako haikupotea, ilikuwa chini ya godoro. Miaka kumi na tisa nimekula kwa brashi na sijui kuchora mkono. Wateja hawajawahi kuona, ameona dada yangu, na huyo amekaa kimya miaka yote hiyo akisubiri siku ya kunicheka vizuri. Niliona aibu. Nilijisemea nitajifunza kwanza, halafu nitakujibu kama mtu aliyekuwa anajua siku zote.

Nikaenda kwa jirani yangu Loisi, yule mama Mgogo aliyeolewa huku, jioni anapokamua. Nikakaa kwenye kigoda na penseli. Siku ya tatu akasema bila kugeuka, "Mzee Halfani, unamtazama ng'ombe au unanitazama mimi?" Ikabidi nimweleze yote, wewe, Nyemo, Mwalimu, minazi. Akaendelea kukamua. Kisha akasema, "Kwani huyo mpwa wako hana mkono wake?"

Wanawake mna akili ya kuudhi. Basi weka mkono wako mezani uuchore, maana nao hauondoki, kama sufuria. Na ukiona mikono miwili inakushinda katika picha moja, onyesha mmoja, mwingine uufiche nyuma ya kitu. Kwenye kuficha usiniulize kama najua. Humo mimi ni profesa.

Nisamehe kwa mwezi niliokupotezea.

Mjomba wako,
Halfani


Makole, Dodoma
12 Novemba 1991

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo, shikamoo tena! Mzima? Loisi mzima? Ng'ombe wake je?

Zimekwisha! Zote nane. Niliweka mkono mezani nikauchora mara arobaini kwenye karatasi za kawaida kabla sijagusa stensili. Nilijifunza kwamba kidole changu cha mwisho kimepinda, jambo ambalo nimeishi nalo miaka ishirini na sita bila kulijua. Kila picha ina mkono mmoja, mwingine nimeuficha kama profesa alivyoagiza: nyuma ya ng'ombe, nyuma ya mlango wa zizi, ndani ya wingu.

Nimezidurufu moja moja, nakutumia zote. Niipendayo kuliko zingine ni ya sita, Nyemo anampa babu yake kibuyu cha maji ya mawingu. Mama aliutazama ule mkono, akautazama wangu, akasema tu, "Kucha zako hizo." Kwa Mama hiyo ni sifa.

Zinakwenda kwa Mwalimu tarehe thelathini. Niambie unazionaje, usinifiche kitu.

Mpwa wako mchoraji (nimejipa cheo),
Stara


Kolo, Kondoa
18 Novemba 1991

Stara mpwa wangu,

Leo sikuulizi hali, utanisamehe. Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi, posta itachelewa.

Picha ni nzuri. Hilo ulijue kwanza. Nimezibandika ukutani, na nikamwita Loisi azione. Loisi ndiye aliyegundua. Alisimama mbele ya ile ya sita, akauliza, "Kwa nini mtoto huyu hana adabu?"

Stara, anampa babu yake maji kwa mkono wa kushoto.

Nikazipitia zingine. Zote, mpwa wangu. Penseli uliishika kwa mkono wa kulia, ukachora mkono uliobaki mezani. Wa kulia ndio kila mahali umefichwa, na aliyekufundisha kuuficha ni mimi. Kufungua zizi kwa kushoto si neno. Kukamua, wapo wanaokamua hivyo. Lakini kumpa mzee! Vitabu mia mbili, mikononi mwa watoto ambao tunawachapa kwa kosa hilo hilo. Mwalimu akiona atakurudishia, na yule wa Dar anangoja.

Kosa ni langu. Niliwaona ng'ombe, sikuuona mkono. Kama kuna namna ya kufuta hapo kwenye nta, futa. Yale niliyosema juu ya kifutio nayarudisha.

Mjomba wako,
Halfani


Makole, Dodoma
2 Desemba 1991

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. U mzima? Najua ulikuwa unangoja, na mimi nilishindwa kuandika kabla sijajua mwisho.

Barua yako kondakta alinipa stendi, nikaisoma nimesimama hapo hapo, nikarudi nyumbani bila kununua nilichotumwa. Ile dawa ya kusahihishia stensili inatosha herufi, haitoshi mkono. Niliijaribu kwenye ile iliyotoboka tumbo, ikaganda kama uji. Na stensili nyingine hakuna. Kwa siku tatu sikumjibu mtu vizuri. Mama aliniambia nimwachie tu mchoraji wa Dar, kushindwa si dhambi. Nilikasirika, Mjomba, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuwaza hivyo hivyo.

Siku ya nne nikaiweka picha mbele yangu, nikamwuliza Nyemo kama mtu anavyomwuliza mtoto wake aliyekosa. Mbona unampa babu kwa kushoto? Wa kulia uko wapi? Uko ndani ya wingu, niliuficha mwenyewe. Unafanya nini humo? Hapo nikakaa. Mkono hauwezi kuwa ndani ya wingu bure.

Chini ya picha ilikuwa imebaki nafasi ya mistari miwili. Nikairudisha stensili kwenye mashine ya chapa, taratibu, roho mkononi, nikaandika:

"Unisamehe kwa mkono, babu," alisema Nyemo. "Wa kulia umeyashika mawingu. Nikiyaachia yatakimbilia kwa wengine."

Tarehe thelathini nikampelekea Mwalimu Bartolomayo. Alipofika ya sita uso ukamkunjamana. Akafungua mdomo. Kisha macho yakashuka kwenye maneno. Akaisoma mara ya pili kwa sauti. Akaniambia, "Nilikuwa nakurudishia hii." Nikamwambia najua. Akafungua mtoto wa meza, akatoa ile minazi ya Dar, akaniuliza kama naitaka kwa kuwashia mkaa.

Sisemi mengi. Nina furaha, Mjomba. Sijui kuiandika kwa namna nyingine.

Mpwa wako,
Stara


Kolo, Kondoa
16 Februari 1992

Kwa mpwa wangu Stara,

Marahaba kabla hujaniamkia. Mimi ni mzima, mama yako mpe salamu, mwambie aendelee kucheka, ananiongezea umri.

Kitabu kimefika Jumanne. Kimekunjika ncha moja, lakini jina lako liko juu wazi: hadithi na picha, Stara binti Abdulnasiri. Nimekizungusha sokoni kote. Harithi wa duka la dawa alitaka kukiazima, nikamkatalia.

Huku mvua ilitupa Desemba nzuri, kisha ikakata. Wiki ya tatu sasa hakuna hata wingu la kuonja. Mtama wa Loisi umefika magotini na umeanza kukunja majani.

Jana nilimpelekea kitabu nikamsomee, maana yeye shule hakuiona. Tulikaa mlangoni kwake, wajukuu wamenizunguka. Kwenye jitu walijificha nyuma ya bibi yao. Nilipofika ya sita nikasoma maneno yako polepole, na Loisi akanyoosha mkono nisifunue. Akakichukua kitabu, akakitazama muda mrefu sana. Nilidhani atasema juu ya adabu.

Akaniuliza, "Huyu binti alikuja kuyaachia?"

Nikamwambia hadithi haisemi.

Akatazama juu ya vilima, akatazama shamba lake. Akasema, "Mwandikie mpwa wako. Amwambie binti kwamba ule mkono tumeshamsamehe. Sasa ayaachie, ila upande wa huku."

Nilicheka, Stara. Yeye hakucheka. Alikuwa ananisubiri nichukue kalamu, na leo amekuja mwenyewe, amekaa hapa mlangoni kuhakikisha nimeliandika. Kwa hiyo nimeliandika. Yaliyobaki ni yenu wawili, wewe na Nyemo. Mtama hautafika wiki ijayo.

Mjomba wako,
Halfani