Alama Mbili za Kutoa

2 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu na wanafunzi wako hawajakumaliza sauti. Mimi mzima, ila roho haijatulia. Nimeanguka kemia. Chuo cha uuguzi kimenipa nafasi moja tu ya kurudia mtihani, mwezi wa tano. Nikianguka tena, nafungasha virago.

Kilichoniangusha ni hesabu za joto. Maji yalipanda kutoka nyuzi 25 hadi 31.5. Nikapata tofauti ya 6.5, halafu nikajumlisha 273 ili iwe kelvini. Mwalimu akaizungushia duara jekundu. Naona aibu, mimi binti wa mwalimu wa kemia. Naomba unifundishe upya, kuanzia chini kabisa.

Baba hajambo. Mama Mdogo naye ameanza kunisaidia jioni, akitoka maabara ya kiwanda cha rangi. Anakusalimu sana.

Mwanao


9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo bado, sauti ipo, kama utakavyoona.

Tuanze na huyo Mama Mdogo. Mdogo wa nani? Mama yangu alizaa msichana mmoja, naye ndiye anayeandika barua hii. Huyo ni mke wa baba yako. Jina hilo linamtosha, na alilipata bila jasho. Salamu zake nimezipokea kwa ncha ya kidole.

Sasa joto. Joto na halijoto ni vitu viwili, na anayevichanganya asiguse hesabu. Kijiko cha maji yanayochemka kina halijoto kubwa kuliko ndoo ya maji vuguvugu, lakini ndoo ndiyo iliyobeba joto jingi. Ndiyo maana hesabu inauliza mambo matatu: maji ni gramu ngapi, gramu moja inataka jouli ngapi ili ipande nyuzi moja (kwa maji ni 4.2), na halijoto imebadilika kwa kiasi gani. Zidisha hayo matatu, basi. Tofauti usiiongezee kitu. Mtu akipanda ngazi sita amepanda sita, hata kama nyumba imejengwa mlimani. Hiyo 273 huongezwa kwenye halijoto yenyewe, siyo kwenye tofauti.

Na huyo mpimaji wa rangi hakuliona kosa hilo? Au anakusaidia kula?

Mama yako


20 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama na hasira zimepungua kidogo. Kosa la 273 nililifanya kabla hajaanza kunisaidia, usimbebeshe. Ule mfano wa ngazi nimeuelewa vizuri. Hata yeye alicheka akasema, "Mama yako anajua kufundisha, bwana."

Jumamosi alinipeleka maabara kwao. Tulichanganya gramu 50 za tindikali na gramu 50 za alkali kwenye kikombe kisichopitisha joto, kipimajoto kikapanda nyuzi 6.5. Nikazidisha 100 kwa 4.2 kwa 6.5, nikapata jouli 2,730. Kila upande ulikuwa na moli 0.05, kwa hiyo kwa moli moja ni kilojouli 54.6.

Halafu akanifundisha alama ya jumlisha na ya kutoa. Alisema, "Simama kwenye maji. Maji yamepata joto, andika jumlisha. Fanya hesabu yako yote kwa utulivu, mwisho kabisa geuza alama, kwa sababu kilichoingia kwenye maji kimetoka kwenye mmenyuko wa tindikali na alkali." Nikageuza, ikawa kutoa 54.6. Kwa mara ya kwanza niliona ile alama imetoka wapi.

Ana subira, mama. Nikikosea hapandishi sauti, anasogeza karatasi na kusema tuanze. Baba anatutania kwamba hata mwandiko tumeanza kufanana.

Mwanao


27 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hali yangu usiulize.

Mwandiko huo nilikufundisha mimi, nikiushika mkono wako juu ya meza yetu, kabla huyo hajajua baba yako anavaa kiatu cha namba gani. Kama mmefanana, yeye ndiye aliyeiga. Na kuiga ndiyo kazi yake. Alipopata mume wangu nilisema haya, mtu mzima hachukuliwi, huenda mwenyewe kwa miguu yake. Lakini kemia yako ni yangu. Hiyo sikumwachia.

Eti ana subira. Nani asiye na subira kwa mtoto aliyemkuta tayari anajua kusoma, kuoga na kufunga mlango? Wewe ulinipigia kelele miaka yako yote ya utotoni, nikapaza sauti ili nisikike. Ndiyo ikabaki hivi.

Na njia yake ni ya kiwandani. Mimi nafundisha hivi: ingia ndani ya mmenyuko, usisimame majini kama bata. Mmenyuko umepoteza joto, kwa hiyo alama ya kutoa inaandikwa mstari wa kwanza. Ukiingoja mwisho utaisahau, na ukiisahau umesema moto ni barafu. Andika kutoa mwanzoni. Sibembelezi, naagiza. Mafahali wawili hawakai zizi moja.

Mama yako


30 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Nimechelewa kwa sababu sikujua niandikeje.

Tulifanya mtihani wa majaribio. Swali la joto lilikuwa la tindikali na alkali, kama nililokueleza. Mstari wa kwanza niliandika kutoa, kama ulivyoagiza. Mstari wa mwisho nikageuza alama, kama nilivyozoea mezani hapa. Jibu likatoka jumlisha 54.6. Mwalimu ameandika pembeni: "Kikombe kimepata moto, wewe unasema kimepoa. Umemsikiliza nani?"

Mama Mdogo aliiona karatasi. Akauliza ile kutoa ya mwanzo imetoka wapi, nikamwambia. Akavua miwani. "Fuata ya mama yako," akasema. "Mimi ninyamaze." Tangu siku hiyo akitoka kazini anapitiliza chumbani. Nakaa mezani peke yangu. Nikikwama leo, jibu lako linanifikia nimeshasahau nilikwama wapi.

Mama, mwenzio ana kazi yake, na wewe una yako. Ni mimi ninayeingia kwenye chumba cha mtihani. Niambieni nifuate ipi.

Mwanao


6 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma ofisini, nikafunga mlango nikachukua karatasi, nikaifanya hesabu kwa njia yake.

Nilitafuta kosa. Nilitafuta kwa bidii ambayo sijawahi kuitumia kwa mwanafunzi yeyote. Halipo. Jibu ni lile lile la kwangu. Kinachoua ni kuzichanganya, maana ukigeuza kilichokwisha kugeuzwa umerudi ulikotoka. Kwa hiyo moja iondoke, na iondoke yangu. Siyo kwa sababu ni mbovu, asije akavimba kichwa. Ni kwa sababu yeye yuko mezani na mimi niko kwenye bahasha.

Usidhani nimepoa. Nikifikiria anavyoisogeza karatasi yako kwa hiyo subira yake, naivuta hii yangu karibu zaidi. Wivu ninao, na sina mpango wa kuuacha kwa ajili ya kumfurahisha mtu. Lakini ni mzigo wangu. Wewe usiingie nao kwenye mtihani.

Kipande hiki mwonyeshe: Bibi, rudi mezani. Simameni huko kwenye maji yenu. Mwanangu ana papara akikaribia mwisho, mkalie hapo hapo. Ukinyamaza akaanguka, nitakulaumu wewe, na kulaumu najua.

Usiniandikie mpaka umalize.

Mama yako


18 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Majibu yamebandikwa sasa hivi. Nimepita.

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya ofisi ya chuo, karatasi juu ya goti. Swali la joto lilikuja. Nilisimama kwenye maji, nikageuza alama mwishoni, mara moja tu.

Baba hajui. Mama Mdogo naye hajui, yuko kiwandani. Jioni nitawaambia, siwezi kuwaficha, uso wangu utanisema. Barua hii itakuwa bado iko kwenye gunia la posta. Kwa hiyo utakapoifungua utakuwa wa mwisho kupata habari, na najua litakuuma.

Lakini sijamwambia mtu yeyote bado. Nimesoma jina langu ubaoni, nikaenda kutafuta kalamu.

Mwanao