Kurudi Nyuma Bila Kutibua Tope

Iyunga, Jumanne 14 Septemba 1954

Hatimaye nimeweza kurudi nyuma ndani ya maji. Wiki tatu mapezi ya mpira ninayovaa miguuni kupigia mbizi yalinisukuma mbele tu. Kila nilipoukaribia mdomo wa bomba chini ya bwawa nilishindwa kujirudisha, nikatibua tope, nisiuone ufa niliotumwa kuupima. Mzee Mwakalinga, fundi mkuu, alikwisha kusema atanirudisha ofisini kwenye ukarani wangu.

Nimefanya mazoezi nyumbani, kifudifudi juu ya benchi, nikiivuta hewa kuja kwangu kwa migongo ya miguu, kana kwamba ni maji. Mke wangu aliuliza, "Baba Tumaini, unaogelea kwenda wapi?"

Leo bwawani nilivuta hivyohivyo, polepole, na maji yakabaki meupe. Ufa nimeuona, nimeupima: inchi nne.

Nilipoibuka Mzee alicheka. "Kumbe unajua kurudi. Kesho uje na saruji."

Basi ofisini watafute karani mwingine.