Suruali Nje ya Kiatu

3 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili, ila moyo haujatulia hata kidogo. Miguu yako inaendeleaje? Nilimuuliza Ndevu wa pale karakana, akanijibu, "Kamuulize mwenyewe."

Mjomba, siku ile mchanga wa kalibu, ule wa kumiminia, niliulowesha mimi. Nilikuwa napiga soga na mafundi wenzangu, sikuufinya kiganjani kupima unyevu kama ulivyonifundisha. Ulipomimina alumini iliyoyeyuka ikakutana na maji, ikalipuka, ikakurukia miguuni. Nilikuona unarukaruka nikadhani unafanya mzaha, Mungu anisamehe. Kisha nikakata kamba za buti kwa kisu, nikakuburuta hadi bombani. Wote wakanipigia kelele: "Acha maji, malengelenge yatazidi! Leteni dawa ya meno!" Sikuacha. Maji yalitiririka zaidi ya dakika ishirini, mpaka gari likafika.

Walipokupakia, mmoja akasema, "Huyu ndiye amemmaliza mjomba wake." Nikaondoka na nguo nilizovaa. Niko kwa rafiki yangu, nashona mikoba.

Niambie kitu kimoja tu: miguu utabaki nayo?

Mpwa wako

12 Machi

Mpwa,

Marahaba. Mimi nipo. Miguu imeinuliwa juu ya mito, na kila asubuhi nesi ananibadilishia bandeji huku nimeuma shuka. Wa kulia unapona. Wa kushoto umeungua sana, ndani ya kifundo na vidoleni. Huko hakuumi kabisa. Nilimwambia daktari kwamba hiyo ni habari njema. Hakucheka. Akasema hakuumi kwa sababu mishipa ya fahamu nayo imeungua. Jumatatu wataamua kama wakate.

Mafundi wanakuja kuniona. Wanayosema juu yako unayajua. Baki hukohuko kwanza.

Mjomba wako

19 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mpaka karatasi imelegea.

Ndani ya kifundo, mjomba? Buti lako linafika nusu ya muundi. Alumini iliingiaje? Miaka tisa umenipigia kelele: suruali nje ya kiatu, suruali nje ya kiatu, cha moto kikiruka kiteleze kidondoke sakafuni. Sasa nimekumbuka. Kabla ya kulivua buti ilibidi kwanza nichomoe pindo la suruali. Ilikuwa imechomekwa ndani.

Kosa langu la mchanga ni langu, sitalikana. Lakini hao wanaokuja wodini kunisema, hilo la suruali wanalijua?

Na Jumatatu imepita. Wamekata? Nijibu hata kwa neno moja, tafadhali.

Mpwa wako

30 Aprili

Mpwa wangu kipenzi,

Marahaba, tena marahaba. U mzima? Unakula? Barua yako imekaa chini ya mto wangu zaidi ya mwezi. Mara tatu nilishika kalamu, mara tatu nikamwambia nesi mkono unatetemeka. Mkono hauna tatizo lolote. Niliona aibu.

Nilichomeka. Suruali ilikuwa ndefu, mke wangu akataka kuipunguza, nikamwambia sina muda. Asubuhi ile niliikanyaga mara mbili. Nikasema aah, kalibu yenyewe moja tu, nani ataona? Halafu nikalala hapa nawasikiliza wanakutukana, na mimi nimefyata ulimi. Mtu mzima na mvi zangu!

Wamekata vidole viwili. Mguu umebaki. Walichukua ngozi pajani wakaibandika kwenye kidonda, nayo imeshika. Daktari aliuliza nani alinimwagia maji. Nikasema mpwa wangu. Akasema bila maji yale, na kama wangenipaka hiyo dawa yao ya meno, pengine tungekuwa tunaongea habari za kukata mguu wote.

Jana niliruhusiwa. Sikwenda nyumbani. Nilikwenda karakana na magongo yangu, nikaamuru wazime tanuri, nikawaambia mbele ya wote: mchanga ulilowa, ndiyo, lakini anayemimina ndiye wa kuukagua, nami sikuukagua. Na suruali niliichomeka mimi. Ndevu alianza kucheka, akaniona uso, akanivutia kiti.

Nafasi yako ipo. Usirudi kwa kunionea huruma. Nimekukosea, na sitaki mtoto wa dada yangu ashone mikoba ugenini kwa sababu ya woga wangu.

Mjomba wako mwoga

5 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Pole kwa vidole. Nimelia, nikakutukana moyoni, nikalia tena.

Nafika Jumamosi. Sijamaliza kukukasirikia, kwa hiyo usinipokee kwa mizaha. Mwambie mkeo aziweke suruali zako zote mezani, nitazipunguza mwenyewe, kushona sasa nakujua.

Na mchanga asiuguse mtu mpaka nifike. Nitaufinya mimi.

Mpwa wako